Imamu Ghazali: Mwalimu Aliyefungwa Ulimi

Katika mwezi wa Rajabu mwaka 488 Hijria, yaani Julai 1095, jambo zito lilimfika mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamia mjini Baghdad. Alikuwa na wanafunzi wapatao 300. Siku moja alijitahidi kusomesha ili kuwaridhisha waliomjia, lakini ulimi haukutamka hata neno moja. Chakula nacho hakikupita. Tonge haikumezeka wala mchuzi haukushuka, na mwili ukadhoofika. Matabibu walimwangalia, kisha wakakata tamaa. Walisema kwamba ugonjwa umeanzia moyoni ndipo ukaenea mwilini, na hautapona mpaka moyo wenyewe upumzike na dhiki iliyoushika.

Mwalimu huyo ni Imamu Abu Hamid Muhammad Al-Ghazali, Hujjatul Islam, ambaye kitabu chake cha Ihyaa Ulumiddin kinajulikana sana katika darasa za misikiti yetu ya pwani. Wengi wetu tunamjua kwa elimu yake. Si wengi wanaokumbuka kwamba aliugua maradhi ya nafsi, na kwamba kila kipindi cha umri wake kilikuwa na ugonjwa wake na dawa yake.

Alizaliwa mwaka 1058 huko Tus, katika nchi ya Khurasan, karibu na ulipo mji wa Mashhad wa Iran ya leo. Inasimuliwa kwamba baba yake alikuwa masikini aliyesokota sufi na kuiuza. Alipohisi mauti yamekaribia, aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mchaji Mungu, akamwachia akiba ndogo iwasomeshe. Akiba ilipokwisha, mlezi yule hakuwaficha mayatima hali ilivyo. Aliwakalisha, akawaeleza kwa upole, akawaongoza kwenye madrasa ambako wanafunzi walipewa chakula. Hiyo ndiyo tiba ya kwanza aliyoipata Ghazali: mtu mzima aliyezungumza na mtoto kwa ukweli na huruma.

Bila shaka alikumbuka hayo alipokuja kuandika juu ya malezi. Katika Ihyaa anaufananisha moyo wa mtoto na kito safi kisichochorwa kitu. Anamwonya mzazi asizidishe kumkaripia mwanawe, maana lawama ikizoeleka haina kazi tena. Tena anataka mtoto apewe nafasi ya kucheza baada ya chuo, kwani anayenyimwa mchezo na kubanwa kwa masomo daima, moyo wake hufa na akili yake huzimika. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 900 iliyopita!

Katika ujana alikwenda Jurjan kutafuta elimu. Alipokuwa akirudi, wanyang'anyi waliuvamia msafara, wakachukua hata mfuko wa madaftari yake. Kijana akamfuata mkuu wao kumwomba, akisema kwamba elimu yake yote imo humo. Yule jambazi alicheka, akamuuliza ni elimu gani hiyo inayoweza kuibwa, kisha akamrudishia. Maneno hayo yalimchoma. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika.

Baadaye alisoma Nishapur kwa Imamu Al-Juwayni, mpaka sheikh wake huyo alipofariki mwaka 1085. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba kuna wakati alishikwa na shaka juu ya kila kitu, hata juu ya yale ayaonayo kwa macho, kwa muda wa karibu miezi miwili. Anasema hakuponywa na hoja wala mjadala, bali na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake.

Mwaka 1091 Waziri Nidhamul Mulk alimteua kusomesha Baghdad. Sifa zikamiminika, na mali ikaja. Mwaka uliofuata waziri huyo akauawa, na Sultani Malik Shah naye akafariki. Ghazali akaanza kuihoji nafsi yake: je, nasomesha kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya cheo na jina? Alivutana na nafsi yake karibu miezi sita. Asubuhi akiazimia kuondoka, jioni azma ikivunjika. Ndipo ulimi ulipofungwa.

Alipoona hana hila tena, alimwelekea Mola wake kama mtu aliyefikwa na dharura. Aligawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatoka Baghdad mwezi wa Novemba 1095. Watu walidhani anakwenda Makka, kumbe nia yake ilikuwa Sham. Kule Dameski alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia mchana kutwa. Kisha akaenda Baitul Muqaddas, akazuru kaburi la Nabii Ibrahim, akahiji. Hatimaye mapenzi ya wanawe yalimrudisha nyumbani.

Katika miaka hiyo ndipo alipokitunga Ihyaa, chenye vitabu 40, na robo yake ya tatu inahusu maradhi yanayoangamiza moyo. Mafunzo yake ni kama ya tabibu: joto hutibiwa kwa baridi, basi bahili na atoe, na mwenye kiburi na ahudumie wenziwe. Na kwa kuwa mtu haoni aibu zake, anamtaka atafute sheikh mwenye busara, au rafiki mkweli. Asikilize hata ulimi wa adui. Tena atazame ila za watu ajirekebishe.

Mwaka 1106 aliombwa kusomesha tena, akarejea darasani Nishapur. Mahali palikuwa pa kazi ileile, lakini mtu hakuwa yule. Zamani aliita watu kwenye elimu ya kuleta cheo, sasa aliwaita kwenye elimu ya kukiacha. Mwisho alirudi Tus. Alfajiri moja ya Desemba 1111, kama alivyosimulia ndugu yake Ahmad, alitawadha, akasali, akaomba sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, akajinyoosha kuelekea kibla, akafariki. Mtu aliyetetemeka mbele ya wanafunzi hakutetemeka mbele ya mauti.

Msomaji mpenzi, tumeona kwamba mtoto, kijana, mtu wa makamo na mzee, kila mmoja ana haja ya kutibiwa moyo. Lakini katika majumba yetu, mtu akinyamaza wiki nzima, hali wala halali, tunamfungia mlango ili majirani wasijue. Twaogopa aibu. Imamu hakuona aibu. Alipougua alionwa na matabibu, na alipopona aliyaandika yote kwa mkono wake katika kitabu cha Al-Munqidh, ili wengine wafaidike. Aidha, ndiye aliyefundisha kwamba elimu ya utabibu ni faradhi ya kifaya. Basi dua na daktari havigombani, wala mazungumzo na mtaalamu wa nafsi hayampunguzii mtu imani yake.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Ikiwa Hujjatul Islam hakuyaficha yake, sisi ni nani hata tufiche?