MAISHA YA HARRY BROWER, KAPITENI ALIYEFUNDISHA WENYE ELIMU

Mara hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake halimo ndani ya vitabu vyetu vya masomo. Lakini kule Alaska, upande wa kaskazini kabisa wa Marekani, jina lake linajulikana sana. Hakuwa na diploma ya chuo kikuu hata moja. Hata hivyo wenye diploma walikuja kukaa karibu naye na kumuuliza juu ya nyama za bahari, na yale aliyowafundisha yalisaidia kuokoa chakula cha watu wake. Mtu huyo ni Harry Brower.

Alizaliwa mwaka wa 1924 ku Barrow, mji mdogo ulio kando ya Bahari ya Aktiki. (Toka mwaka wa 2016 mji huo umerudishiwa jina lake la zamani, Utqiaġvik.) Baba yake, Charles Brower, alikuwa Mmarekani, mwindaji wa nyangumi na mchuuzi, aliyefika kule miaka ya 1880 akakaa kulekule mpaka kufa kwake mwaka wa 1945. Mama yake alikuwa Mwinupiati. Wainupiati ndio wenyeji wa inchi ile. Vitabu vya zamani vinawaita Waeskimo. Harry alikua akisema luga ya mama yake, na akajifunza kazi ya uwindaji kwa kufuata wakubwa kwenye barafu.

Kwanza tueleze kidogo namna inchi ile iko. Wakati wa baridi kubwa jua halionekani zaidi ya miezi miwili. Bahari inaganda, inakuwa ngumu sawa jiwe, hata mtu anaweza kutembea juu yake. Udongo nao umeganda, basi hakuna shamba, hakuna mihogo wala mahindi. Watu wanaishi kwa kuwinda, na mnyama mkubwa kuliko wote ni nyangumi wa Aktiki. Mwenye kukomaa anaweza kupita metre 15 kwa urefu, na uzito wake unaweza kufika ule wa tembo kumi. Kila mwaka, mwezi wa 4 na wa 5, nyangumi hawa wanapita mbele ya Barrow wakienda mashariki. Wawindaji wanapiga kambi kwenye ukingo wa barafu, pale maji yamefunguka, na mashua zao za mbao zilizofunikwa ngozi za sili.

Kiongozi wa mashua anaitwa kapiteni. Harry alifikia cheo hicho. Lakini cheo hicho si cha kutajirika. Nyangumi akiuawa, mji mzima unakuja kumvuta kwa kamba, na nyama inagawanywa: kwa waliosaidia, kwa wajane, kwa wazee wasio na nguvu. Kisha mwezi wa 6 jamaa ya kapiteni inafanya karamu kubwa, na nyama inagawanywa tena. Wainupiati wanasema kwamba nyangumi anajitoa mwenyewe kwa mtu mwenye moyo wa kugawa. Mwenye choyo hatapata kitu.

Mwaka wa 1947 jeshi la bahari la Marekani lilijenga karibu na Barrow nyumba kubwa ya uchunguzi wa mambo ya Aktiki. Harry alitumika pale miaka mingi. Alikuwa seremala, tena alikuwa msaidizi wa wanasayansi: kuwaongoza kwenye barafu, kuwaonyesha nyama, kuwarudisha salama. Wengi walifika wakijua mambo ya kitabu tu, na barafu haisomi kitabu. Inaweza kukatika na kumchukua mtu mbali baharini kwa dakika chache. Ndivyo Harry alivyozoea wenye elimu, na wao wakamzoea.

Sasa tufike kwenye taabu kubwa. Toka mwaka wa 1848 meli za wageni ziliingia katika bahari ile kuua nyangumi juu ya mafuta na mifupa ya kinywa. Waliua maelfu na maelfu, mpaka kazi hiyo ikaisha mwanzo wa karne ya 20. Wenyeji hawakuacha kuwinda kwa ajili ya chakula. Lakini katika miaka ya 1970 mashua ziliongezeka, na nyangumi wengi walipigwa wakapotea chini ya barafu bila kuliwa. Wanasayansi wakaogopa. Walihesabu kwamba nyangumi waliobaki ni labda 600 tu, ao kwa wingi 2,000. Basi mwezi wa 6 mwaka wa 1977, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilikata shauri la kuwanyima wenyeji ruhusa ya kuwinda.

Fikirini habari hiyo ilivyopokelewa ku Barrow! Ilikuwa sawa kumwambia mlimaji asiguse tena jembe. Mwezi wa 8 wa mwaka uleule makapiteni waliungana wakaunda tume yao wenyewe. Mwezi wa 12, katika mkutano wa Tokyo, walipewa ruhusa ndogo: kwa mwaka wa 1978 nyangumi 12 wa kuvuliwa, ao 18 wa kupigwa, kwa vijiji vyote pamoja. Wazee walisema hesabu ya wazungu si ya kweli, nyangumi ni wengi. Lakini kusema tu hakutoshi. Nani atasadiki neno la mwindaji mwenye njaa?

Hapa ndipo tunaona akili ya Harry. Daktari mmoja wa nyama, Thomas Albert, alikuja ku Barrow kuchunguza nyangumi. Harry alimwita karibu akamweleza jambo kwa jambo. Wahesabuji, alisema, wanasimama ukingoni mwa barafu na kuhesabu wale wanaowaona katika maji wazi. Wakati maji yanafungwa na barafu, wanadhani nyangumi wamesimama. Hawasimami. Wanaendelea kupita chini ya barafu, na wakitaka kupumua wanaivunja kwa kichwa. Tena hawapiti karibu na pwani tu. Wengine wanapita mbali sana, pasipofika macho ya mtu.

Mwanzoni Albert aliona shida kusadiki. Nyangumi kuvunja barafu kwa kichwa? Lakini Harry hakukasirika, wala hakutaka asadikiwe juu ya mvi zake tu. Alitoa maneno ambayo mtu anaweza kuyapima. Basi wakayapima.

Feza ya kupima ilitoka wapi? Mwaka wa 1972 Wainupiati walikuwa wameunda serikali yao ya wilaya, meya wa kwanza akiwa Eben Hopson, na wilaya hiyo ilitoza kodi kwa makampuni ya petroli. Kwa kodi hiyo iliandika kazi wanasayansi wake yenyewe. Ndiyo kusema, wenyeji walikuwa mabwana wa kazi, na wanasayansi walitumika kwa ajili yao. Lakini hawakuambiwa watafute jibu la kupendeza. Kama hesabu ingekuwa ndogo, ingebaki ndogo.

Katika miaka ya 1980 walishusha ndani ya maji vyombo vya kusikilizia sauti. Na kweli, nyangumi walisikiwa wakiita chini ya barafu, hata siku ambazo wahesabuji hawakuona kitu, hata mbali na pwani. Walipounganisha macho na masikio, hesabu ilipanda sana. Mwaka wa 2001 ilipita 10,000. Mwaka wa 2011 ilifika karibu 17,000. Tusikosee hapa: sehemu ya kupanda huko ni kwa sababu nyangumi walizaana kweli, na sehemu ingine ni kwa sababu watu walijifunza kuhesabu vizuri. Ruhusa ya kuwinda nayo iliongezwa, na toka mwaka wa 1981 tume ya makapiteni na serikali ya Marekani wanachunga uwindaji huo pamoja.

Harry alikufa mwaka wa 1992, hakuona hesabu hizo za mwisho. Lakini maneno yake yaliendelea kutumika. Kwa mfano, wazee walikataza moshi na harufu kali kwenye kambi, wakisema nyangumi ananusa. Wenye elimu walifundisha kwamba nyangumi hawanusi kitu. Karibu miaka 20 kunyuma ya kifo cha Harry, wanasayansi walifungua kichwa cha nyangumi wa Aktiki wakakuta sehemu ya ubongo ya kunusia, imekamilika. Mtoto wake, mwenye jina lake, alitumika katika ofisi ya wilaya inayochunga nyama za pori, akaongoza tume ya makapiteni, tena akawa meya wa wilaya toka mwaka wa 2016 mpaka wa 2023.

Wanafunzi wenzetu, tunafikiri maisha haya yanatufaa sisi tulio kwenye meza ya masomo. Wako kati yetu wanaocheka mzee wa kijiji sababu hajui kuandika jina lake. Wako wengine wanaosema masomo ni maneno ya bure. Harry hakuwa wa upande huu wala ule. Alijua kitu, akakieleza wazi, akakubali kipimwe. Na Albert, pamoja na elimu yake yote, alikubali kukaa chini na kusikiliza. Kama mmoja wa hao wawili angekuwa na kiburi, mashua za Barrow zingeweza kubaki pwani. Basi likizo ikifika, tukienda kwetu, tuchukue kalamu na daftari, tuwaulize wazee juu ya samaki, ndege na mvua, tuandike, kisha tupime. Ni hayo kwa leo.