Lumumba alipokuwa anauzisha pombe

Hapa Kilwa ukiuliza Patrice Lumumba ni nani, hata mtoto wa shule atakujibu ni waziri wetu wa kwanza, yule aliyeuawa huku kwetu Katanga. Lakini wengi hatujui kama mbele ya siasa Lumumba alikuwa anauzisha pombe.

Alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 kule Onalua, katika Sankuru. Akiwa kijana alienda Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akapata kazi ya karani wa posta. Wakati ule wa Wabelgiji, Mwafrika wa kazi ya kalamu alikuwa mtu wa heshima. Mwaka 1956 heshima ile ikaanguka: alishtakiwa kama amekula hela za posta, akaingia boloko. Alipotoka 1957, kazi ya serikali hakuna tena, na nyumbani kuna bibi na watoto wa kulisha.

Basi akashuka Léopoldville, yaani Kinshasa. Kule kiwanda cha pombe Bracongo kikamuchukua. Pombe yao Polar ilikuwa inashindana vikali na Primus ya Bralima, kampuni iliyoanzishwa tangu 1923. Walihitaji mtu anayejua kusema na watu. Lumumba akawa mkubwa wa kuuzisha.

Kazi hiyo haikuwa ya kukaa tu ofisini. Alizunguka cité, nganda kwa nganda, anawagawia watu chupa na kuwasifia Polar. Alijua Kitetela, Lingala, Kiswahili na Kifaransa, kwa hiyo hakukosa neno kwenye meza yoyote. Mji ambao haukumjua sana mtu huyu wa kutoka mashariki ukaanza kumjua kwa sura na kwa jina.

Mwezi wa kumi 1958, yeye na wenzake wakaanzisha chama MNC. Mwezi wa kumi na mbili alienda Accra, Ghana, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote. Aliporudi, akasimama mbele ya umati. Sauti ilikuwa ile ile ya nganda, ila sasa alikuwa anadai uhuru, na Congo moja isiyogawanyika kwa makabila. Punde akaiacha Polar, akabaki na siasa.

Uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 aliuawa pamoja na Mpolo na Okito katika pori la Shilatembo, si mbali na Lubumbashi. Alikuwa na miaka 35. Mwili wake uliharibiwa kwa asidi. Jino moja tu ndilo Ubelgiji ilirudisha mwaka 2022. Lilipitishwa Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa.

Kijana anayetoka boloko leo, au yule mwenye diploma anayeona haya kuuzisha chupa hapa sokoni, ajue kama waziri wetu wa kwanza alipita njia hiyo hiyo.