Mtakatifu Yosefu Mukasa na Hukumu ya Mungu

Wakatekumeni wapenzi, katika mafundisho yenu mmekwisha kusikia habari za mambo manne ya mwisho: kifo, hukumu, mbingu na jehanamu. Leo tuwasimulie maisha ya Mwafrika mwenzetu aliyeyasadiki hayo kwa moyo wote, hata saa ya kuuawa kwake akamkumbusha mfalme wake hukumu ya Mungu.

Yosefu Mukasa Balikuddembe alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1860. Alipokuwa kijana aliingia kutumika katika nyumba ya Kabaka Mutesa. Mwaka 1879 Mapadri Weupe walifika huko. Ndio wamisionari wa shirika lile lile waliokuja Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, katika nchi yetu ya Katanga, mwaka 1885. Mukasa aliwaendea, akajifunza dini kwa bidii, akabatizwa na Padri Lourdel tarehe 30 Aprili 1882. Mwaka ule ule mapadri walilazimika kuondoka, wasirudi hata mwaka 1885. Siku zote hizo Mukasa, mkristu mchanga, aliwakusanya wenzake wa ikulu, akawafundisha na kusali pamoja nao.

Mutesa alipokufa mwaka 1884, mwanawe Mwanga alitawala, akamweka Mukasa kuwa msimamizi wa nyumba yake. Lakini Mwanga alitaka kuwatia vijana watumishi wake katika dhambi ya uchafu, naye Mukasa aliwakinga. Tena, Oktoba 1885, kwa amri ya Mwanga, Askofu Hannington wa Kianglikana aliuawa katika nchi ya Busoga. Mukasa hakunyamaza. Alimwonya mfalme kwamba si haki kumwua mtu asiye na kosa. Basi Mwanga akamchukia, nao wakubwa waliomwonea wivu wakazidi kuchochea hasira yake.

Tarehe 15 Novemba 1885, Mukasa alipokea Komunyo Takatifu asubuhi na mapema, kisha akakamatwa. Amri ilikuwa achomwe moto akiwa hai. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alimwonea huruma, akamkata kichwa kwanza. Lakini kabla ya kufa Mukasa alimpa ujumbe wa kumpelekea mfalme: kwamba amemhukumu pasipo haki, naye amemsamehe kwa moyo wote, ila afanye toba, maana asipotubu, Mukasa atakuwa mshitaki wake mbele ya Mungu.

Yasimuliwa kwamba Mwanga alipoyasikia hayo aliamuru mtu mwingine auawe, na majivu yake yachanganywe na majivu ya Mukasa, ili Mukasa asiweze kumshitaki. Upumbavu ulioje! Yeye aliyeumba mtu kwa mavumbi ya nchi, je, atashindwa kuyatambua majivu ya mtumishi wake siku ya ufufuko?

Lakini tusimcheke Mwanga upesi. Aliiogopa hukumu, akatafuta hila ya kuikwepa, kumbe mlango wa toba ulikuwa wazi mbele yake, na mtu aliyemwua alikuwa amekwisha kumsamehe. Nasi mara ngapi twachanganya majivu! Mmoja ameiba, asema wengine nao huiba. Mwingine amemdhulumu mjane shamba, angojea watu wasahau. Mwingine aficha hirizi chini ya kitanda, asema ataiacha akiwa mzee. Mungu hasahau, na kifo hakipigi hodi.

Wakatekumeni wa Buganda walielewa vema. Hawakukimbia, siku ile ile Karoli Lwanga alibatizwa, na wengine wengi wakamfuata. Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda, na Yosefu Mukasa ndiye aliyetangulia kufa kati yao.

Na Mwanga? Alipoteza ufalme, akapelekwa mbali katika visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa na Waanglikana kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Mungu peke yake ajua moyo wake. Twaweza kutumaini kwamba yule aliyeahidi kumshitaki amekuwa mwombezi wake.

Basi, mkatekumeni, usingoje kesho. Jioni hii, kabla ya kulala, uichunguze roho yako, uijutie dhambi yako, na ulichokitwaa kwa jirani ukirudishe. Atakayekuja kuhukumu wazima na wafu ndiye anayekuita leo kwa upole.