Fangio: Matege aliyeanza na teksi

Kabla ya kuwa mfalme wa Formula 1, Juan Manuel Fangio alisakata kabumbu kwao Balcarce, Argentina, alikozaliwa 1911. Kwa jinsi alivyoupinda mguu akipiga mpira, walimbatiza El Chueco, yaani Matege.

Ila ugali wake ulitoka gereji. Aliacha shule mapema, akawa fundi. Mwaka 1936 hakuwa na gari la mashindano, akaingia mbioni na Ford kuukuu iliyokuwa teksi. Injini ikagoma kabla ya kumaliza. Wengine wangekata tamaa, yeye akarudi kushika spana.

Mwaka 1940, akiwa na Chevrolet, alishinda mbio za Buenos Aires hadi Lima na kurudi, kilomita zaidi ya 9,000. Kule milima ya Andes huokoti spea njiani: gari likifa, dereva na mwenzake wanaingia uvunguni wenyewe. Hapo ufundi ukamlipa.

Vita ikaleta uhaba wa matairi na petroli, mbio zikasimama. Alitua Ulaya umri umekwenda, bado akabeba ubingwa wa dunia mara 5.

Alifariki 1995. Balcarce kuna makumbusho yake, yamejaa magari.