Mkuu wa Polisi na Filimbi Yake

Francis O'Neill alizaliwa Tralibane, katika wilaya ya Cork nchini Ireland, mwaka 1848, siku za njaa kuu iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwatawanya wengine wengi ng'ambo. Filimbi alijifunza kwa kusikiliza tu. Kuandika nota hakujua.

Kijana bado, alitoka kwao akawa baharia. Merikebu yake ilivunjika penye kisiwa kikavu cha Baker, katika Bahari ya Pasifiki, na chombo kilichowaokoa kilikuwa na chakula haba mno. Baharia mmoja wa chombo hicho, mwenyeji wa Hawaii, alikuwa na filimbi. O'Neill akaipiga, na tangu hapo mwenyeji yule akamgawia posho yake. Wenzake wengi walifika Honolulu hoi. Yeye alifika mzima.

Mwaka 1873 aliingia polisi mjini Chicago, Marekani. Hata mwezi haujatimia, mwizi alimpiga risasi, ikamkaa karibu na uti wa mgongo. Alikwenda nayo kaburini. Mwaka 1901 alifanywa mkuu wa polisi wa mji mzima, akashika kazi hiyo hadi 1905.

Chicago ya siku zile ilijaa Waireland wa kila wilaya, kila mmoja na nyimbo za kwao kichwani, wala hazikuandikwa popote. O'Neill aliona ya kuwa watu hao wakifa, nazo zitakufa. Basi aliwatafuta, akasikiliza, akazishika moyoni, kisha akazipiga mbele ya James O'Neill, polisi mwenzake asiye wa ukoo wake, naye akaziandika. Kitabu chao cha mwaka 1903 kina nyimbo 1,850. Twastaajabu alipata wapi nafasi, kwa mtu mwenye mji kama ule mikononi!

Ndipo msiba ukaingia. Mwaka 1904 alikufa mwanawe Rogers, kijana wa miaka 18, na wavulana wengine walikwisha kutangulia. Nyumbani mwake muziki ukakoma, kwa heshima ya huzuni ya mama. Nasi twaona jambo hilo lilikuwa zito kuliko risasi. Lakini kazi hakuiacha. Mwaka 1907 alitoa kitabu cha ngoma 1,001.

Vitabu vyake alivitoa kwa Chuo Kikuu cha Notre Dame mwaka 1931, akafariki Januari 1936. Wapigaji wa Ireland wakisema Kitabu tu, pasipo jina, ndicho kile cha 1907.