Sir Donald Cameron, Gavana Aliyelinda Amana

Leo twataka kueleza habari za Sir Donald Cameron, aliyekuwa Gavana wa Tanganyika tangu mwaka 1925 hata 1931.

Alizaliwa mwaka 1872 huko British Guiana, Amerika ya Kusini, akaanza kazi ya Serikali huko huko kwa cheo cha chini. Baadaye alitumika Mauritius, kisha Nigeria, ambako alijifunza desturi ya kutawala watu kwa mikono ya wakubwa wao wenyewe.

Alipofika Dar es Salaam, Tanganyika haikuwa mali ya Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hata 1918 waliipokea kuwa amana, nao walipaswa kutoa hesabu yake kila mwaka mbele ya Shirikisho la Mataifa huko Geneva. Cameron alilishika sana neno hilo. Aliona maakida, waliorithiwa kutoka utawala wa Wadachi, wakiwatawala watu wasio wa kabila lao. Kwa sheria ya mwaka 1926 akawapa machifu mamlaka, mabaraza ya hukumu na hazina. Nao wakapokea mshahara badala ya kutoza watu ushuru wa kale. Lakini penye makabila yasiyokuwa na chifu tangu asili, mpango huo haukukaa vema.

Jaribu lake kubwa lilikuwa shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Walowezi wa Kenya walilitaka, hata Amery, Waziri wa Makoloni, mkubwa wake mwenyewe. Cameron aliogopa kwamba watu wa Tanganyika wangewekwa chini ya walowezi, akakataa wazi. Mwaka 1931 Martin Kayamba, Mtemi Makwaia na Francis Lwamugira walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na shauri lile likawekwa kando.

Hata hivyo, katika Baraza la Kutunga Sheria alilolianzisha mwaka 1926 hakumweka Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza waliingia mwaka 1945: Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha, mwana wa yule Makwaia.

Cameron alitawala Nigeria hata mwaka 1935, akafa mwaka 1948. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na utawala wa machifu ukaondolewa mwaka 1963.

Basi twamheshimu kwa kuwa hakukubali amana ichukuliwe na wengine. Lakini tujifunze na hili: mwenye kulinda mali ya mtu hajatimiza kazi yake, asipompa mwenye mali nafasi ya kusema.