Maisha ya Ranganathan, Mtunza Vitabu wa Madras

Tumezoea kusoma maisha ya wafalme, ya majemadari na ya mabaharia waliovumbua nchi. Leo nataka kuwaelezeni, wanafunzi na ninyi mliokwisha toka shuleni, habari za mtu ambaye hakupigana vita wala hakuvumbua nchi yo yote. Kazi yake ilikuwa kutunza vitabu. Lakini aliifanya kwa akili ya hesabu, akakataa kufuata desturi ya kazi hiyo kabla ya kuipima, na kwa ajili hiyo ni shida leo kupata chuo cha wakutubi ambamo jina lake halitajwi. Jina hilo ni Shiyali Ramamrita Ranganathan.

Alizaliwa mwezi wa Agosti 1892 katika mji mdogo wa Shiyali, wilaya ya Tanjore, kusini mwa Bara Hindi. Watu wetu wa Kismayo na wa visiwani tangu zamani waliijua zaidi Bara Hindi ya magharibi, yaani Kutch na Bombay, kwa majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Nchi ya Ranganathan iko upande wa pili, upande wa maawio, na wenyeji wake ni Watamili. Baba yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka sita tu. Juu ya hayo mtoto alikuwa na kigugumizi, na kigugumizi hicho kilimfuata hata ukubwani, akakishinda kidogo kidogo. Si ajabu basi kwamba alipenda hesabu, elimu isiyohitaji maneno mengi. Alisoma Madras Christian College mpaka akapata digrii zake mbili, na tangu mwaka 1917 akawa mwalimu wa hesabu, kwanza Mangalore, kisha Coimbatore, kisha Madras kwenyewe, mji ambao tangu mwaka 1996 huitwa Chennai.

Ualimu ndio aliokuwa akiutaka maisha yake yote. Lakini mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Madras kiliamua kuajiri mtu wa kusimamia maktaba yake, iliyokuwa haina mpango. Watu wapatao 900 waliomba kazi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesomea kazi hiyo. Ranganathan naye alipeleka barua, kisha akasahau kwamba amepeleka. Alipoitwa kuhojiwa, yote aliyoyajua juu ya maktaba aliyapata siku chache kabla, katika kitabu kikubwa cha maarifa, Encyclopaedia Britannica. Wakubwa wa chuo walimchagua kwa sababu alikuwa amekwisha andika makala chache za uchunguzi katika historia ya hesabu. Walitaka mtu ajuaye kuchungua.

Akaanza kazi Januari 1924. Hazikupita wiki nyingi akarudi kwa wakubwa kuwasihi wamrudishie darasa lake, kwa maana alikaa peke yake kati ya vitabu, hana mtu wa kusema naye, akaona atakufa kwa uchovu. Wakapatana hivi: aende kwanza Uingereza akajifunze kazi ya maktaba, na akirudi akiwa bado haitaki, atapewa darasa lake. Nadhani wakubwa hao wanastahili kusifiwa kidogo. Wangeweza kumkaripia tu.

London aliingia University College, mwalimu wake akiwa W. C. Berwick Sayers, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya mji wa Croydon. Katika mitihani hakuwa wa kwanza. Jambo kubwa alilolifanya ni kwenda kutazama maktaba moja baada ya nyingine. Aliona wafanya kazi, wanawake na watoto wakiingia na kujichagulia vitabu rafuni kwa mikono yao, jambo ambalo kwao Madras halikuwako. Lakini aliona vile vile kwamba kila maktaba ilikwenda kwa mazoea yake. Hapa kadi zinaandikwa hivi, pale vile. Hapa mlango hufunguliwa saa hizi, pale saa zile. Na sababu yake haikuwa na msingi mmoja. Kwa mtu wa hesabu hilo lilikuwa jambo la kuudhi. Akajiuliza kama haiwezekani kuyakusanya mambo yanayoonekana katika maktaba, kuyalinganisha, kutafuta kanuni chache zilizo chini yake, kisha kuzirudisha kanuni hizo kazini na kutazama kama zinafaa. Ndivyo afanyavyo mwanafizikia. Kwa nini asifanye hivyo mkutubi?

Aliporudi mwaka 1925 hakudai tena darasa lake. Alibaki katika maktaba ya Madras miaka ishirini, akifanya kazi siku saba kwa wiki, wala hakuchukua likizo. Husimuliwa kwamba hata siku aliyooa kwa mara ya pili, mwaka 1929, jioni alionekana kazini. Mambo haya siyasifu yote; bibi harusi naye angekuwa na la kusema.

Kanuni alizozitafuta alizipata mwaka 1928, akazichapisha katika kitabu mwaka 1931. Ni tano. Ile ya kwanza ilitoka katika mazungumzo na mwalimu wake wa zamani wa hesabu, Edward B. Ross, nayo yasema tu kwamba kitabu kimewekwa kwa ajili ya kutumiwa. Mtu atacheka na kusema nani asiyelijua hilo. Lakini tazameni ilivyokuwa. Zamani Ulaya vitabu vilifungwa minyororo rafuni. Na hata minyororo ilipoondoka, watunzaji wengi waliendelea kuhesabu kwamba maktaba njema ni ile ambayo mwisho wa mwaka vitabu vyote vimo kabatini, safi, havina alama ya kidole. Ranganathan akaigeuza hesabu hiyo. Kitabu kilicholala kabatini mwaka mzima ndicho cha kuulizwa habari zake. Kwa kanuni hiyo moja akapima mambo mengi: maktaba ijengwe wapi, ifunguliwe saa ngapi, rafu ziwe na urefu gani, msomaji aingie mwenyewe au asimame dirishani. Waliohofu wizi aliwajibu kwamba ihesabiwe hasara ya vitabu vichache vinavyopotea, na faida ya vitabu vingi vinavyosomwa, ndipo watu waamue.

Kanuni ya pili na ya tatu ni kama uso na kisogo: kila msomaji ana kitabu kimfaacho, na kila kitabu kina msomaji wake, na kazi ya mkutubi ni kuwakutanisha. Ya nne inataka wakati wa msomaji usipotezwe. Ya tano inatukumbusha kwamba maktaba hukua kama kiumbe hai, na anayejenga chumba cha vitabu vya leo peke yake atajuta kesho.

Mwaka huo huo wa 1931, huko Mannargudi, katika wilaya yake ya kuzaliwa, ilianzishwa maktaba iliyopakiwa katika gari la ng'ombe, ikawa inazunguka vijijini kuwatafuta wasomaji. Ranganathan aliifurahia sana maktaba hiyo. Sisi ambao kwetu ni Koyama, Chovai na Chula, na pwani yote kuteremka mpaka Ras Kiamboni, hatuhitaji kufafanuliwa maana yake. Pale pasipo na barabara gari huwa ni mashua, na sanduku la vitabu si zito kuliko gunia la unga.

Sasa nije kwenye kazi yake iliyo ngumu zaidi, ile ya kupanga vitabu. Maktaba nyingi zilifuata mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Dewey aliigawa elimu yote mafungu kumi, kila fungu kumi tena, na kila kitabu kikapewa namba yake iliyokwisha tengenezwa. Ranganathan akaona kasoro. Vitabu vipya vinasema juu ya mambo mawili au matatu yaliyochanganyika, na namba iliyotengenezwa tangu zamani haiwezi kuyabeba yote. Siku moja huko London aliingia katika duka kubwa la Selfridges, akaona mchezo wa watoto uitwao Meccano: vipande vya chuma vyenye matundu, vya kufungwa kwa skrubu. Kwa vipande vile vile mtoto aliunda winchi, akaifungua, akaunda gari. Ranganathan akapata fikira yake. Namba ya kitabu nayo isitengenezwe kabla; itengenezwe kwa vipande, na kila kitabu kiundiwe yake. Alipokuwa melini akirudi kwao, aliijaribu kwa vitabu vya maktaba ya meli. Mwaka 1933 akautoa mpango wake, ukaitwa Mpango wa Nukta Mbili, kwa sababu nukta mbili ndiyo alama iliyounganisha vipande.

Nitatoa mfano wa kwetu. Mwaka 1955 ilichapishwa Roma kazi ya Mwitalia Vinigi Grottanelli juu ya Wabajuni, iitwayo Pescatori dell'Oceano Indiano, maana yake Wavuvi wa Bahari ya Hindi. Kitabu hicho kiwekwe wapi? Mmoja atakiweka pamoja na vitabu vya uvuvi, wa pili pamoja na vitabu vya Somalia, wa tatu pamoja na vitabu vya mila za watu. Kila mmoja amesema kweli, lakini anayekitafuta kwa njia ya wengine wawili hatakiona. Mkutubi wa Ranganathan huuliza maswali moja moja: ni habari za nani, juu ya kitu gani, kinafanywa nini, mahali gani, wakati gani. Kila jibu hupewa alama yake. Kisha katika orodha ya kadi kila kiungo cha mnyororo huo huandikwa peke yake, hata anayetafuta Wabajuni, anayetafuta uvuvi na anayetafuta Somalia wote wafike kwenye rafu ile ile.

Msidhani jambo hili ni dogo. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Mombasa, na baadhi yao wakafika Ulaya kuomba hifadhi. Huko walitakiwa waonyeshe kwamba ni Wabajuni kweli, wakahojiwa juu ya lugha yao, visiwa vyao na desturi zao, na waliowahoji wengine hawakupata kuviona visiwa hivyo hata kwa mbali. Walitegemea maandishi. Mwezi wa Septemba 2000 maofisa wa Uingereza, Denmark na Uholanzi walikwenda mpaka Nairobi kukusanya habari za makabila madogo ya Somalia, na Wabajuni wakiwamo. Mtu aliyekuwa akingoja uamuzi wa namna hiyo, maisha yake yaliweza kutegemea kama karatasi fulani imeonekana au haikuonekana.

Ranganathan aliondoka Madras mwaka 1945, akaenda Chuo Kikuu cha Banaras, na huko akaipanga upya maktaba yenye vitabu vipatavyo laki moja, kazi nyingi akiifanya kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akafundisha Delhi, akakaa Zurich miaka michache akiandika. Fedha alizoziweka akiba, rupia laki moja, alizitoa kwa Chuo Kikuu cha Madras ili pawe na uprofesa wa elimu ya maktaba, na uprofesa huo akaupa jina la mkewe Sarada. Mwaka 1962 alifungua Bangalore chuo cha uchunguzi wa mambo ya maktaba, chini ya taasisi ya takwimu ya Bara Hindi, na mahali hapo palimfaa, kwa maana huko kila rai ililetewa hesabu yake.

Miaka hiyo hiyo Afrika Mashariki nayo ilianza kuzipima maktaba zake kabla ya kuzijenga. S. W. Hockey alichungua hali ya maktaba katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na ripoti yake ikatoka mwaka 1960. Tanganyika ikatunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Mwaka 1963 pia ndipo ilipofunguliwa Makerere shule ya wakutubi wa Afrika Mashariki.

Haifai kumsifu mtu kwa mazuri peke yake. Mpango wa Nukta Mbili ni mgumu, na mwenyewe hakuacha kuubadili. Kila toleo jipya lilikuja na alama mpya, na mkutubi aliyekwisha andika migongo ya maelfu ya vitabu hakuona furaha kuambiwa aiandike tena. Hata katika Bara Hindi maktaba nyingi zilibaki na Dewey. Kilichoenea duniani ni ile njia yake ya kuuliza maswali moja moja, na wengi wanaoitumia katika mashine za leo za kutafutia habari hawajui imetoka wapi.

Alifariki Bangalore tarehe 27 Septemba 1972, umri wake miaka 80. Alikuwa bado akiufanyia kazi mpango wake, na toleo la saba, alilolianza mwenyewe, likachapishwa mwaka 1987.